Tuta la Sasumua

Bwawa la Sasumua, kule Njabini kwenye nyanda za Kinangop, halina ukuta wa zege wa kumtisha mgeni. Lina mteremko mrefu wa nyasi uliopakana na nchi ya viazi na kabichi, na mteremko huo ungedhaniwa ni kilima cha kawaida kama usingekuwa umenyooka mno. Wanaokuja siku ya mapumziko na chupa zao za chai huyatazama maji na msitu wa Aberdare, wakapiga picha, wakaondoka. Tuta ambalo limeyashika maji hayo hulikanyaga tu.

Mimi hulitazama tuta.

Lilijengwa miaka ya 1950, Nairobi ilipokuwa inapanuka kwa kasi isiyoweza kutoshelezwa na vyanzo vyake vya zamani. Njabini iko juu kiasi kwamba maji, yakishasafishwa, huteremka yenyewe ndani ya mabomba hadi matangi ya Kabete. Mahali palikuwa pazuri. Shaka ilikuwa kwenye udongo. Ule udongo mwekundu wa mfinyanzi, uliozaliwa na miamba ya volkano, ulipopimwa maabara ulitoa majibu ya ajabu. Ulikuwa na chembe laini nyingi, unyevu mwingi kupita kawaida, na hata baada ya kushindiliwa ulibaki mwepesi. Kwa kanuni za vitabuni, hiyo si sifa ya udongo wa kuzuilia maji.

Akaulizwa Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyefundisha Harvard, ambaye wahandisi humwita baba wa elimu ya udongo wa ujenzi. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu Sasumua ambayo bado husomwa. Alieleza kwamba chembe za madini ya haloisaiti hazikukaa mojamoja, bali zilishikamana vikundi vikundi, kila kikundi kikiwa punje ngumu yenye vinyweleo na uso wa kukwaruza. Maji yaliyofanya vipimo vionekane vibaya yalikuwa yamejificha ndani ya punje hizo. Kwa hiyo udongo ule ulikuwa imara kuliko ulivyodhaniwa, na ulipitisha maji kidogo sana. Ninachokistahi hapo ni kwamba hakuutetea wala kuukataa kwa mazoea: aliuliza upya, kwa swali lililoufaa udongo wenyewe.

Baada ya hapo kazi ya tuta la namna hii ni subira tupu. Udongo humwagwa tabaka jembamba, hutandazwa, halafu rola yenye meno hupita na kurudi hadi meno yasizame tena. Ukiwa mkavu mno, punje hazikubali kukaribiana; ukilowa mno, maji hushika nafasi ambayo ingekuwa ya udongo. Kati ya hayo mawili kuna kiwango kimoja cha unyevu ambacho ukikipata tuta hukaza kweli. Ralph Proctor wa Los Angeles alikitafutia kipimo mwaka 1933 kwa kugonga udongo ndani ya kikopo cha chuma kwa nyundo inayoangushwa kutoka urefu uleule kila mara. Ila waliowahi kukandika nyumba hawakumsubiri Proctor: hufinya tonge kiganjani na kuliachia, wakajua kama maji yatosha.

Lakini hata tuta lililoshindiliwa vizuri huvuja. Hili ndilo wengi hulikosea, wakidhani fundi wa bwawa ni mtu wa kuziba. Maji lazima yapenye. Ufundi ni kuyachagulia njia. Ndiyo maana mafundi huweka tabaka za mchanga na kokoto zilizochaguliwa kwa ukubwa, ili maji yapite na udongo ubaki. Yanayotoka chini ya tuta huelekezwa kwenye kizingiti chenye mkato wa pembe tatu, na mhudumu husoma kina cha maji hapo na kuandika daftarini. Maji safi ya kiasi kilekile ni habari njema. Yakiongezeka bila mvua, au yakianza kuwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani, na simu hupigwa hapo hapo.

Adui mwingine ni maji kupita juu. Mwaka 2003 mvua kubwa iliharibu njia ya kumwagia maji ya ziada ya Sasumua, na Nairobi ikaona upungufu wa maji hadi njia hiyo ilipotengenezwa. Tuta lenyewe halikuvunjika. Mei 2018, kule Solai, kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40.

Bwawa la Ndakaini, Murang'a, ni mdogo wa Sasumua kwa umri, maana lilikamilika mwaka 1994, lakini hubeba mita za ujazo milioni 70, ilhali Sasumua hubeba takribani milioni 16. Nalo ni la udongo. Mbio za nusu-marathoni zimelipa jina, na wageni husifu nyasi zake zilizokatwa kama za uwanja wa gofu. Hazikatwi kwa ajili yao. Mti ukiachwa ukamee, mizizi yake hutoboa tuta, na fuko naye hupenda kuchimba mahali pasipoonekana. Nyasi zikiwa fupi, mkaguzi anayetembea mteremkoni huona shimo likiwa bado dogo, au kipande kilichobaki kijani kibichi wakati wa kiangazi.