Ni mbegu gani ile tunapanda kanisani?

Leo nataka tupime hubiri moja yenye karibu sisi wote tumesikia: ile ya «kupanda mbegu». Pasta anafungua Wakorinto wa Pili mulango wa 9, pale Paulo anatumia mufano wa mupandaji. Kisha anaita watu mbele: wa dola 100, wa dola 50, na mwishoni sisi wa franka.

Mimi nilisoma kilimo. Kwangu mbegu ni kitu cha kupima. Unachukua punje 100, unaziweka kwa kitambaa chenye maji, unahesabu zile zimeota. Unaangalia udongo, maana kule Walungu udongo mwingi una asidi na hata mbegu nzuri inateseka pale. Shamba likikataa, hakuna mutu anaambia mukulima kama hakuwa na imani. Kanisani njo jibu ya kwanza.

Mwezi wa tisa uliopita, mama mudogo wangu aliuza maharagi kilo 15 ili apande «mbegu» ya muujiza. Ile maharagi ilikuwa mbegu kweli, ya ari 20 za saizoni A. Aliuza mbegu akanunua neno mbegu.

Siandiki kama adui. Ni kanisa hiyo hiyo ilinichangia minervali ya mwaka wa mwisho, bila kunitangaza mbele ya watu. Njo maana hii mambo inaniuma.

Mafundisho yenyewe haikuzaliwa Kivu. Oral Roberts, muhubiri wa Marekani, aliisambaza sana. Kitabu chake *The Miracle of Seed-Faith* kilitoka 1970. Lakini tuache Marekani, turudi kwa Paulo, na tuanze na mulango wa 8, wenye wahubiri wengi wanaruka. Milango hii miwili inahusu muchango mumoja: pesa za kusaidia waamini maskini wa Yerusalemu. Paulo anasifu makanisa ya Makedonia, watu wenye walikuwa wakavu kabisa na bado walitoa.

Hapa pasta atanijibu: «Unaona? Hata maskini alitoa!» Kweli, tena kupita nguvu yake, siwezi kuficha. Lakini ile pesa ilienda kwa nani? Kwa maskini mwenzake. Na Paulo anaeleza kama anatafuta usawa: ziada ya huyu ijaze upungufu wa yule, na siku ingine iwe kinyume. Mwenye njaa njo alikuwa shamba. Kwa mahubiri yetu shamba limekuwa mimbari, na mwenye njaa amegeuka mupandaji.

Kuna kitu kingine. Paulo hakubeba zile pesa peke yake. Makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri naye, ili mutu asimushuku. Ile sehemu ya hesabu sijaisikia hata siku moja ikihubiriwa (na nimekaa kwaya miaka sita!).

Nilimuuliza mama mudogo kama anajuta. Akanikazia macho: «Mutoto wangu, nilimupa Mungu, sikumupa pasta.» Sikupata la kumujibu, na mpaka leo sina.

Juzi alinipigia simu. Saizoni B inakaribia, anatafuta kilo 15 za maharagi ya kupanda. Nimepata 9.