Chumba Kidogo Hupimwa kwa Magoti

Mwandishi wa Kiingereza asiyekomaa, akifika kwenye chumba kidogo, hukimbilia vivumishi: kimebana, hakina hewa, kinatisha. Ukikutana na aya ya namna hiyo, uliza jambo moja tu: aliyemo ndani anashindwa kufanya nini? Jibu lisipopatikana, aya ni dhaifu hata kama maneno yake yanapendeza.

Mchukue George Orwell katika The Road to Wigan Pier, kitabu cha 1937. Amepanga kaskazini mwa Uingereza, katika chumba cha vitanda 4. Kitanda cha mwenzake kimekingama miguuni pake na kugusana kabisa na chake, kwa kuwa kingewekwa kwingine mlango usingefunguka. Basi analala amekunja magoti. Akinyoosha miguu, anampiga mwenzake teke mgongoni. Utazame vizuri mlango huo. Mwandishi wa kawaida angesema vitanda vimesongamana, akapita. Orwell anatoa sababu, na sababu ndiyo inayotufanya tukiamini chumba.

Wapo wanaodai kwamba tarakimu huua masimulizi. Sikubaliani nao, na shahidi wangu ni Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani North Carolina. Katika Incidents in the Life of a Slave Girl, kilichotoka 1861, anaeleza dari alimojificha karibu miaka 7 nyumbani kwa bibi yake: urefu futi 9, upana 7, na kimo futi 3 pale paa lilipoinuka zaidi. Angeishia hapo, tungebaki na vipimo vya seremala. Lakini anaongeza kwamba akishalala ubavu mmoja hawezi kugeuka bila kugonga paa. Kisha anaokota keekee gizani, anatoboa safu 3 za vitundu, anavichimba viungane, anapata tundu la inchi moja hivi. Kupitia hapo anawaona watoto wake nje, nao hawajui kwamba mama yao yuko juu yao. Kwangu mimi hakuna aliyemzidi: udogo wa dari ile unajulikana kwa ukubwa wa furaha anayoipata kwenye tundu la inchi moja.

Joseph Conrad anakwenda njia nyingine katika The Secret Sharer ya 1910. Chumba cha nahodha kina umbo la herufi L. Anayefungua mlango bila kuingia haoni upande mrefu, na huko ndiko amefichwa mtu. Ukimaliza kusoma unaweza kukichora. Aya nyingi zinazosifiwa hazichoreki.

Harufu na joto sizihesabu sana; ni rahisi mno kuzitaja.

Mimi nikipewa mswada, hufuta kwa penseli vivumishi vyote vya chumba, kisha nasoma upya. Kikibaki kidogo vilevile, mwandishi ameweza. Kikipanuka, arudishiwe mswada wake.