Shahidi wa Buta

Hapa Nyakabiga, mtaa ulioumizwa na ukabila miaka ya 1990, tumesoma tena kitabu cha Kifaransa cha Padri Zacharie Bukuru (2004) kuhusu wanaseminari 40 wa Buta, kusini mwa Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 waliamriwa kujitenga, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, wakauawa. Kifaransa humtenga shahidi wa mahakamani na yule afiaye dini. Kiswahili, japo kina neno mfiadini, huwaita wote wawili shahidi. Kwa maoni yetu, Kiswahili kimelenga. Muumini husema Kristo ni wa kwanza. Ushahidi ni pale anapoitwa kwa kabila lake, asiondoke kando ya mwenzake. Mfasiri aanzie neno hilo.