Maoni ya Watazamaji wa Vuta N'kuvute: Je, Ni Uhakiki?

Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tunaifahamu riwaya hiyo. Kwa hiyo wanafunzi wetu wanapoitazama filamu, maoni hayakosekani. Katika makala hii tunakusudia kuyapima maoni hayo sambamba na filamu yenyewe.

Yapo matatu tunayoyasikia mara kwa mara. La kwanza ni kwamba filamu haikufuata kitabu. La pili ni kwamba inakwenda polepole mno. La tatu, nalo ndilo fupi kuliko yote, ni kwamba "ni nzuri".

Tuanze na la kwanza. Riwaya inamfuata Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume aliyemzidi sana umri, kisha akamtoroka na hatimaye kukutana na Denge, kijana anayepinga utawala wa Waingereza Unguja katika miaka ya 1950. Filamu ina dakika 90 na ushee tu. Ni wazi kwamba mengi lazima yaachwe. Anayelalamika kwamba matukio yamepunguzwa amehesabu, hajahakiki. Swali la mhakiki ni hili: yaliyobaki yamepewa uzito gani?

Kwa maoni yetu, filamu imeyapa uzito mapenzi ya Yasmin na Denge kuliko siasa zao, na hapo ndipo ilipo na udhaifu. Katika riwaya tunaelewa ni kwa nini Denge na wenzake wako tayari kufungwa. Katika filamu tunawaona wakijihatarisha, lakini hoja zao hatuzisikii vya kutosha. Mtazamaji asiyejua historia ya Zanzibar kabla ya uhuru wa Desemba 1963 anaweza kumaliza filamu akidhani kwamba mapambano yale yalikuwa pazia la nyuma tu la kisa cha mapenzi.

Kuhusu upole wa filamu, hatukubaliani na wanafunzi wetu. Tusisahau kwamba wengi wao wamekulia katika vibanda vya video, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 VJ ameketi na kipaza sauti akitafsiri, akifafanua na kutia utani juu ya kila kinachoonekana. Ni sanaa ya aina yake, na Dar es Salaam nako marehemu Lufufu alijipatia sifa kwa kuifanya kwa Kiswahili. Lakini aliyezoea VJ huona ukimya kuwa ni pengo. Filamu hii ina ukimya mwingi: Yasmin anatazama, kamera inabaki usoni pake, na hakuna wa kutuambia anawaza nini. Shafi katika riwaya yake ametumia msimulizi anayejua yote. Shivji amemwondoa msimulizi huyo na kutuachia sura, mwanga na muziki. Polepole ile ni nafasi tuliyopewa ya kufikiri wenyewe.

Jambo hilo lilizua mjadala darasani. Mwanafunzi mmoja alishikilia kwamba Yasmin wa filamu ni jasiri kuliko wa riwaya, kwa kuwa hana wa kumsemea. Mwenzake akampinga: asiyesema tutaujuaje ujasiri wake? Hayo sasa ni mabishano ya uhakiki. La kusikitisha ni kwamba yalipopamba moto, wote wawili walihamia Kiingereza.

Hapo ndipo hasa penye tatizo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, Kiswahili cha wengi wa wanafunzi wetu ni cha kujibia mtihani. Wanaweza kutaja fani na maudhui kwa mpangilio, lakini wakitaka kutofautiana kwa dhati na rafiki, lugha inawakimbia. Wakibakiwa na neno "nzuri" peke yake, hawawezi kuitetea filamu wanayoipenda wala kuishambulia wanayoichukia.

Tunapendekeza zoezi jepesi. Kila mwanafunzi achague onesho moja, alieleze bila kutumia "nzuri" wala "mbaya": nani yuko wapi, mwanga unatoka upande gani, nini kinasikika, nani amenyamaza. Baada ya hapo ndipo atoe hukumu yake, na mwenzake amjibu kwa kurejelea onesho lilelile. Filamu hii inafaa pia kwa sababu inawasikilizisha Kiswahili cha Unguja ambacho hawakipati katika vitabu vya sarufi. Ila waonywe mapema: swali la mtihani kuhusu riwaya halijibiwi kwa filamu.

Walimu wenzetu watakaojaribu zoezi hili tunawaomba watuandikie matokeo, hasa kama wanafunzi wao waliweza kubishana hadi mwisho bila kuhama lugha.