Mwanga Ndani ya Mboni

Mtoto wa miaka 2 hasomi herufi za ukutani, wala ukimuuliza lenzi ipi ni afadhali, hii au ile, hatakujibu. Hata hivyo mpimaji macho aliyeiva humwandikia miwani inayomfaa bila mtoto kutamka neno. Chombo chake ni retinoskopu, tochi ya mkononi yenye tundu dogo la kuchungulia, na katika kazi zote za mikono zinazofanyika hospitalini sijaona inayonivutia kama hii.

Kwanza mtoto hutiwa matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho. Jicho changa lina nguvu nyingi za kujirekebisha, na bila dawa linaweza kuificha kasoro yake. Taa za chumba zinapunguzwa, mama anampakata mwanawe, anatafutwa mtu wa kumvuta atazame mbali. Kisha fundi anapitisha ufito wa mwanga juu ya mboni, polepole, huku na huku. Mwanga unaingia, unagonga retina, unarudi na rangi ya machungwa. Hapo ndipo penye kazi. Je, mwanga unaorudi unafuatana na tochi au unakwenda kinyume nayo? Ukifuatana, anaweka lenzi chanya. Ukienda kinyume, anaweka hasi. Kasoro ikiwa kubwa mwanga huwa hafifu na mzito kusogea. Kila lenzi inayokaribia usahihi inauongezea mng'ao na kasi, mpaka ghafla mboni nzima inajaa mwanga na hakuna tena mwendo wa kufuata. Baada ya hapo anaugeuza ufito na kuanza upya, maana jicho lenye astigmatizimu lina vipimo viwili, kila kimoja na upande wake. Na yote haya kwa mtoto anayelia, anayegeuza shingo, anayetaka kuishika tochi.

Wakati huohuo fundi analinda umbali wake. Wengi hukaa sentimita 67 kutoka jichoni, na mwishoni huondoa dioptri (kizio cha nguvu ya lenzi) 1.50 kwa ajili ya umbali huo. Akijisahau akasogea hadi sentimita 50, hesabu sahihi ni 2.00, kwa hiyo jibu lake limeharibika kwa nusu dioptri, na miwani huandikwa kwa hatua za robo. Ndiyo maana wanafunzi husisitiziwa urefu wa mkono tangu mwanzo, na ndiyo maana mimi huwaheshimu walimu wao, wa hospitali ya KCMC Moshi au wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, wanaofundisha jambo ambalo kitabu peke yake hakiwezi.

Ujuzi huu haukushuka ukiwa kamili. Ferdinand Cuignet, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliueleza mwaka 1873 akiamini kwamba mwanga ule unarudi kutoka kwenye konea. Waliomfuata walionyesha kwamba unatoka kwenye retina, wakaingiza lenzi na kuugeuza utazamaji kuwa kipimo. Katika miaka ya 1920 Jack Copeland wa Marekani akaleta ufito mahali pa duara la mwanga, na kupima astigmatizimu kukawa rahisi zaidi.

Uangalifu huohuo wa kupima upo kwenye bango la herufi. Bango la Snellen la mwaka 1862 lina herufi moja juu na nyingi chini, na hatua kati ya mistari hazilingani. Ian Bailey na Jan Lovie, wakiwa Melbourne, walilipanga upya mwaka 1976: herufi 5 kila mstari, hatua sawa toka juu mpaka chini. Ni badiliko dogo machoni pa mgonjwa, lakini ndilo linalowezesha kipimo cha leo kulinganishwa kwa haki na cha mwaka ujao, na utafiti mwingi wa macho sasa umesimama juu yake.

Kipimo kizuri huweza kuharibikia dukani. Lenzi ya hasi 6.00 ikikatwa kitovu chake kikawa milimita 5 pembeni mwa mboni, inapindisha mwanga kwa prizimu 3. Mvaaji anaumwa kichwa na kuilaumu miwani, au macho yake. Kwa hiyo viwango vya kitaaluma, na mabaraza yanayosajili wapimaji kama lile la optometria la Tanzania, ni sehemu ya ufundi wenyewe. Mgonjwa hana namna ya kujua kwamba aliyempima alisogea sentimita 17.

Mzazi, ukiambiwa mwanao ni mdogo mno kupimwa macho, usikubali. Omba apimwe kwa matone na retinoskopu. Jicho lisilopata picha safi utotoni huzoea uvivu, na tiba yake hushika vizuri zaidi kabla ya miaka 7.