Hongereni, Kaka na Dada wa Uzamili

Jina la msimamizi ndilo hukaa kwenye jalada la ripoti ya utafiti. Lakini pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, au Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, kilichoanza 2005 kwenye majengo ya sekondari ya zamani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza akikwama humtafuta kwanza kaka au dada wa uzamili. Huyo ndiye atakayeuliza: “Dodoso hili umelijaribu kwa nani?” Atafuta swali linalomlisha mkulima wa viazi jibu, atadai daftari la vipimo, atazirudisha asilimia zinazojumlishwa zikazidi mia. Mara nyingi halipwi, na tasnifu yake mwenyewe inamsubiri. (Msimamizi naye, tuseme kweli, hupumua.) Ningekuwa na sauti kwenye seneti ya chuo, saa hizo zingehesabiwa kuwa kazi.