Mkono Unaoitafuta Damu Panjani

Wafugaji wa Oldonyiro, kaunti ya Isiolo, Wasamburu na Waturkana, wanaijua shingo vizuri. Wakitaka damu ya kuchanganya na maziwa hawamchinji ng'ombe. Kamba ya ngozi hukazwa shingoni hadi vena ivimbe na kuonekana, kisha mshale wenye kizuizi karibu na ncha hupigwa kutoka hatua moja mbili tu. Ufundi wote uko kwenye kizuizi hicho: ncha hutoboa vena ikakomea hapo, isiifikie ateri ipitayo ndani zaidi ikipeleka damu ubongoni. Kamba ikilegezwa tundu hujifunga, na ng'ombe hurudi malishoni.

Ufundi ninaotaka kuusifu leo unaihusu ateri hiyo ya ndani, ya binadamu, na hautoboi chochote.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban mililita 750 za damu kila dakika, nyingi kupitia ateri mbili za shingo. Shinikizo la damu, kisukari na tumbaku hufanya mafuta yajijenge ndani ya ateri hizo na njia ikawa nyembamba. Hata hivyo, kujua wembamba wa njia hakutoshi. Mwaka 1664 daktari Mwingereza Thomas Willis alieleza duara la mishipa iliyo chini ya ubongo, inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto. Kwa sababu ya duara hilo, mtu anaweza kuzibwa ateri moja ya shingo asijue, na mwingine aliyebanwa kidogo tu akapata kiharusi. Ndiyo maana inabidi damu ipimwe huko huko kichwani.

Fuvu lilizuia jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1982 Rune Aaslid, Mnorwe aliyekuwa Bern, Uswisi, alionyesha kwamba panjani, juu ya mfupa wa shavu, fuvu ni jembamba kiasi cha kupitisha mawimbi ya sauti ya megahezi 2. Mawimbi hugonga chembe za damu zinazokimbia na kurudi yamebadilika, na badiliko hilo hutoa kasi.

Mtazame mpimaji aliyeizoea kazi hii. Anapaka jeli, anaweka probu, kifaa kinachotoa mawimbi hayo, mbele ya sikio, kisha anaonekana kama hafanyi kitu. Kumbe vidole vinaizungusha probu kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu mwali wa mawimbi ukienda sambamba na mshipa kasi husomeka kamili, na ukiinama nyuzi 60 mashine husoma nusu tu. Anashuka hadi kina cha milimita 50 hivi, na mlio unatoka: fyuu, fyuu, kwa mapigo ya moyo. Hakubali mlio wa kwanza. Anatafuta ulio mkali zaidi, anaganda hapo, kisha anamwomba mgonjwa azuie pumzi kwa sekunde 30. Hewa chafu ikiongezeka, mishipa midogo ya ubongo hupanuka na kasi hupanda. Isipopanda, mishipa hiyo ilikwisha kupanuka hadi mwisho kufidia kilichobanwa shingoni, na akiba imekwisha. Swali zito hivyo linajibiwa kwa pumzi moja, na kwangu huo ni uhodari wa hali ya juu.

Afrika Mashariki imeshayaona matunda ya mikono hii. Huko Kilifi, Kenya, watafiti walipima hivyo watoto wenye malaria ya ubongo katika miaka ya 1990, kisha watoto wenye selimundu, ugonjwa unaoweza kubana ateri zilizo ndani ya fuvu. Damu hupita kwa kasi palipobanwa, kama mto Ewaso Ng'iro kwenye miamba. Utafiti wa Marekani wa 1998 ulionyesha kwamba mtoto wa selimundu ambaye kasi ya damu yake inafikia sentimita 200 kwa sekunde akiongezwa damu mara kwa mara, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, wamewapima watoto na kuwapa dawa ya haidroksiyurea wale ambao kasi yao imepanda.

Kaunti ikinunua mashine ya namna hii, imsomeshe kwanza mtu wa kuishika. Nanyi wa Oldonyiro, mzee akifa ganzi mkono ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakamgomea, kisha yote yakapita baada ya dakika chache, msiseme ameshapona. Mpakieni garini siku hiyo hiyo, mpite Kipsing hadi Isiolo mjini, mkaulize ni wapi atapimwa mishipa ya shingo na ya kichwani.